Shajara ya mradi: minyoo wa tumbo la nne, damu na protini kwa mbuzi

Kabla ya wanyama kuingia mabandani

Swali letu ni moja. Mbuzi mwenye Haemonchus contortus, minyoo wanaonyonya damu katika tumbo la nne la wanyama wanaocheua, akiongezewa protini kwenye chakula, je, mwili wake unawakataa minyoo au unawahimili tu? Anayewakataa ana kinga inayozuia viluwiluwi, yaani minyoo wachanga, wasikae tumboni, inayowadumaza waliokwisha kukaa, na inayopunguza mayai ya majike. Anayewahimili anabaki na minyoo walewale, ila anamudu kufidia damu inayopotea. Ukiwatazama bandani, wote wawili wana afya. Malishoni tofauti yao ni kubwa mno, kwa sababu anayehimili anaendelea kumwaga mayai, na jike mmoja wa mnyoo huyu anaweza kutaga kati ya mayai 5,000 na 10,000 kwa siku.

Nimeanza na hesabu ya damu, kwa kuwa ndiyo inayonishawishi kwamba mradi huu una maana. Mnyoo mmoja humpotezea mnyama takriban mililita 0.05 za damu kwa siku. Minyoo 1,000, ambao si wengi kwa mbuzi anayechunga penye unyevu, wanachukua mililita 50. Mbuzi wa kilo 25 ana damu isiyofika lita 2 mwilini. Kwa siku 30 atakuwa amepoteza lita 1.5, na damu hiyo yote inabidi itengenezwe upya huku mnyama akikua, akinyonyesha au akibeba mimba. Himoglobini ni protini, albumini iliyomo kwenye plazma ni protini, na kingamwili nazo ni protini. Albumini ikishuka sana, maji yanavuja kutoka kwenye mishipa na kujikusanya chini ya taya, ule uvimbe ambao kila mfugaji wa mbuzi na kondoo anaujua.

Mwaka 1999 watafiti R. L. Coop na I. Kyriazakis walipendekeza namna ya kulitazama jambo hili ambayo bado inaongoza utafiti mwingi. Walisema mwili hugawa virutubisho kwa vipaumbele. Kwanza ni kujidumisha na kuziba majeraha, kisha katika umri fulani ni kujenga kinga mpya, au kukua, au kuzaa na kunyonyesha. Kwa mnyama aliyekwisha kujenga kinga, kuitumia kinga hiyo huja nyuma ya uzazi. Ikiwa ni hivyo, protini ikipungua, kinga ndiyo itakayokosa kwanza, na protini ikiongezwa, kinga itakuwa ya mwisho kuonyesha nafuu. Natarajia kuona uhimilivu mapema na ukataaji baadaye. Nimeliandika tarajio hili sasa, kabla ya kuwa na takwimu yoyote mkononi, ili baadaye nisije nikajiaminisha kwamba nililijua tangu mwanzo.

Kamati ya maadili imepitisha mpango. Tulijieleza kwa kanuni tatu za Russell na Burch za mwaka 1959 kuhusu wanyama wa utafiti: kubadilisha, kupunguza, kuboresha. Kwa wanyama tunaowaambukiza kwa makusudi, iliyonichukua muda zaidi ni ya tatu.

Makundi

Kwa haraka haraka mtu angeweka makundi mawili: wenye minyoo wanaokula chakula cha kawaida, na wenye minyoo walioongezewa mashudu. Matokeo ya mpango kama huo hayatafsiriki. Mnyama aliyeambukizwa hupoteza hamu ya kula, na hili ni mojawapo ya madhara makubwa ya minyoo wa tumbo na utumbo. Kwa hiyo mbuzi anapokonda huwezi kusema kama amekonda kwa sababu mnyoo amemnyonya au kwa sababu amekula kidogo.

Ndiyo maana tumeweka makundi manne yanayokutanisha maambukizi (wapo, hawapo) na protini (ya kudumisha mwili tu, iliyoongezwa), kisha tukaongeza kundi la tano la mbuzi wasio na minyoo ambao kila mmoja anapewa kiasi kilekile alichokula jana mwenzake aliyeambukizwa. Tunaliita kundi la wapimiwa. Tofauti kati ya mbuzi mwenye minyoo na mpimiwa wake ni kazi ya mnyoo mwenyewe. Tofauti kati ya mpimiwa na mbuzi anayekula atakavyo inatokana na hamu iliyopotea. Ni kundi lenye usumbufu, kila asubuhi mizani na masalia, lakini bila hilo nisingeuanza mradi.

Kila mbuzi analishwa peke yake. Wakilishwa kumi katika banda moja, walio na nguvu hula sehemu ya wanyonge, na zaidi ya hapo, kipimo cha jaribio kinakuwa banda na si mbuzi. Mabanda mawili yenye mbuzi kumi kila moja ni sampuli mbili, si ishirini. Nimesoma makala nyingi za lishe ambazo hukumu yake ingebadilika kama jambo hili lingezingatiwa. Vizimba vyao vinapakana kwa viunzi vyenye nafasi, waonane na wagusane, kwa sababu mbuzi aliyetengwa kabisa anafadhaika, na mfadhaiko nao unagusa kinga.

Kugawa wanyama kwenye makundi kulifanyika kwa bahati nasibu, baada ya kuwapanga kwanza kwa uzito. Anayehesabu mayai maabara hajui namba ipi iko kundi gani, na itabaki hivyo hadi mwisho.

Chakula

Majibu ya uchambuzi wa nyasi kavu yamerudi. Zimevunwa zimekomaa, shina nyingi na majani machache, na protini ghafi yake ni ndogo kama tulivyotaka kwa lishe ya chini. Kipimo ni kile cha Johan Kjeldahl cha mwaka 1883: sampuli inachemshwa kwenye asidi ya salfuriki, naitrojeni inakamatwa kama amonia, inapimwa, kisha inazidishwa kwa 6.25 kwa kuwa protini kwa wastani ina naitrojeni asilimia 16. Ni kipimo kizuri, mradi mtu akumbuke kwamba kinapima naitrojeni. Urea ikichanganywa kwenye chakula nayo inasomeka kama protini ghafi.

Hapo ndipo nilipobishana na mwenzangu wa lishe kwa muda mrefu, na nadhani ubishi huo umeuimarisha mradi. Kwa mnyama anayecheua, urea si upuuzi. Vijidudu vya tumbo la kwanza huichukua naitrojeni hiyo na kujijengea protini, na mbuzi anakuja kuwameng'enya vijidudu wenyewe mbele ya safari. Nyasi zikiwa na protini ghafi chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hao wanakosa naitrojeni, usagaji wa nyuzinyuzi unazorota na mnyama anakula kidogo zaidi. Kwa hali hiyo hata urea, ikitolewa kwa uangalifu, inasaidia. Lakini sisi tunataka kujua kuhusu protini inayofika kwenye utumbo mwembamba, na sehemu yake lazima ipite tumbo la kwanza bila kuvunjwa. Kwa hiyo tumechagua mashudu yaliyopashwa joto, ambayo protini yake huvunjwa polepole. Nishati ya vyakula vyote viwili tumeisawazisha, kwa sababu mashudu yana mafuta, na nisingependa mwishoni kuisifia protini kwa kazi iliyofanywa na mafuta.

Madini ya chuma na shaba yamepimwa pia, kwa kuwa yote mawili yanahusika katika kutengeneza damu. Shaba ina uzito wa ziada: oksidi yake katika umbo la nyaya ndogo hupunguza Haemonchus, kwa hiyo tofauti ya shaba kati ya vyakula ingeweza kuvuruga jibu letu.

Kuzoesha

Wote wametibiwa minyoo na kuthibitishwa kwa hesabu ya mayai mara mbili kuwa hawana. Wamezoea mashudu kidogo kidogo, maana tumbo la kwanza halipendi mabadiliko ya ghafla. Hakuna aliyevimbiwa. Wahudumu sasa wanaweza kumshika kila mbuzi na kumtoa damu shingoni bila purukushani.

Dozi ya kwanza

Viluwiluwi wa hatua ya tatu wameanza kutolewa kwa mdomo. Hii ndiyo hatua inayoambukiza. Wa hatua mbili za mwanzo wanaishi kwenye kinyesi wakila bakteria, lakini wa hatua ya tatu anabaki ndani ya gamba la mtangulizi wake, hali kitu, anaishi kwa akiba aliyo nayo, na kunapokuwa na unyevu anapanda kwenye majani akingoja kuliwa. Joto likiwa kali anaimaliza akiba hiyo upesi. Kukiwa na ubaridi wa wastani na unyevu anaweza kudumu kwa miezi.

Hatukutoa dozi moja kubwa. Tunatoa kidogo kidogo, mara kadhaa kwa wiki, kwa sababu hivyo ndivyo mbuzi anavyoambukizwa akichunga. Dozi moja kubwa inampa kinga kazi ya siku moja na kumshtua mnyama kwa namna ambayo malishoni haitokei.

Wiki ya 2

Mayai bado, na hayatarajiwi. Ila ulaji katika kundi la protini ndogo umeanza kushuka, na hematokriti, yaani asilimia ya damu ambayo ni seli nyekundu, nayo imeanza kuteremka kwa baadhi yao. Hili linapaswa kusemwa kwa sauti kwa kila anayetegemea kinyesi peke yake. Viluwiluwi wa hatua ya nne huanza kunyonya damu kabla hawajakomaa na kutaga. Mbuzi anaweza kuwa amepungukiwa damu huku hadubini ikionyesha sahani safi.

Wiki ya 3

Mayai yameonekana, kama biolojia ya mnyoo huyu inavyotaka, yaani takriban wiki tatu tangu kumezwa.

Tunatumia chumba cha McMaster, yaani kioo chenye vijumba vya kuhesabia mayai kwa hadubini, kilichozaliwa katika maabara ya jina hilo kule Sydney na kuelezwa na Gordon na Whitlock mwaka 1939. Gramu 4 za kinyesi, mililita 56 za maji ya chumvi yaliyokolea, koroga, chuja, jaza vyumba viwili, acha mayai yaelee. Chini ya mistari ya kila chumba kuna mililita 0.15, kwa hiyo jumla ya mayai ya vyumba vyote viwili inazidishwa kwa 50 kupata mayai kwa gramu. Maana yake pia ni kwamba yai moja tu lililoonekana husomeka 50, na mnyama mwenye mayai machache anaweza kusomeka sifuri. Sifuri ya McMaster niiandikapo kwenye jedwali naiandika "chini ya 50".

Utaratibu tuliouweka kwa sampuli: za kuhesabu mayai zinaingia kwenye jokofu ndani ya saa chache, kwa sababu bila ubaridi mayai huanguliwa na hesabu hupungua. Za kuotesha viluwiluwi haziingii jokofuni kabisa. Mayai ya Haemonchus hufa kwa ubaridi upesi kuliko ya minyoo wengine, hivyo sampuli iliyopozwa itatoa viluwiluwi wa aina nyingine na kumfanya mtu aamini Haemonchus hayupo. Na kuotesha ni lazima, kwa kuwa chini ya hadubini mayai ya Haemonchus na ya minyoo wengine kama Trichostrongylus na Oesophagostomum hayatofautishiki kwa uhakika. Viluwiluwi wa hatua ya tatu wanatofautishika kwa mkia wa gamba na seli za utumbo. Tunahitaji uthibitisho kwamba hakuna aina nyingine iliyoingia kupitia nyasi.

Wiki ya 5

Leo mbuzi mmoja wa kundi la minyoo na protini ndogo ameondolewa kwenye jaribio.

Hematokriti yake ilisoma chini ya asilimia 15, kiwango tulichokiweka kwenye mpango kuwa mwisho wa subira. Kwa mbuzi mwenye afya ni kati ya 22 na 38. Mhudumu wa zamu ndiye aliyenistua asubuhi: "Daktari, huyu jana alikula lakini leo anasimama nyuma ya wenzake." Alikuwa amemtazama kwenye kope kabla ya kunipigia, na kope la ndani lilikuwa jeupe. Hakuwa na kuhara, na kwa kawaida Haemonchus peke yake haleti kuhara, ndiyo sababu anaua wanyama ambao mwenye nao alidhani wako salama. Mashine ya kuzungushia mirija ilithibitisha alichokiona mhudumu.

Tumempa dawa ya minyoo kwa dozi ya mbuzi. Naandika hivyo kwa kuwa dawa nyingi zilipimiwa kondoo, na mbuzi huivunja dawa na kuitoa mwilini kwa kasi zaidi. Akipewa kiasi cha kondoo, mara nyingi anakuwa amepewa pungufu, na minyoo wanaonusurika dozi pungufu ndio wanaozaa kizazi sugu. Thiabendazoli ilipotoka mwaka 1961 wengi waliona tatizo la minyoo limekwisha. Usugu uliripotiwa kabla ya muongo huo kwisha. Ivermektini ikaja 1981, dawa ambayo ugunduzi wake uliwapa William Campbell na Satoshi Ōmura Tuzo ya Nobel mwaka 2015, nayo usugu ukaifuata. Yeyote anayeniuliza kwa nini nahangaika na mashudu wakati dawa zipo, jibu langu limo kwenye historia hiyo.

Mbuzi huyu anaendelea vizuri. Takwimu zake hadi leo zinabaki kwenye uchambuzi na kuondolewa kwake ni matokeo kamili. Kumfuta kungefanya kundi la protini ndogo lionekane na damu nzuri kuliko lilivyo, kwa sababu aliyeumia zaidi angekuwa hayumo.

Kope

Tangu siku hiyo nimeongeza kipimo cha kope kwa wote, kila wiki, kwa kadi ya FAMACHA iliyobuniwa Afrika Kusini. Rangi tano, kuanzia 1 ambayo ni nyekundu kabisa hadi 5 ambayo ni nyeupe. Anayesoma kope hajaona hematokriti. Nataka tujue, kwa mbuzi wetu hawa, kadi inawakosa wangapi. Hofu yangu iko zaidi kwa wanaosomeka 3, kwa sababu hapo ndipo uamuzi wa kutibu au kusubiri unapokuwa mgumu, na lishe ya mnyama inapaswa kuingia kwenye uamuzi huo. Mbuzi wa 3 anayekula vizuri na mbuzi wa 3 mwenye njaa hawaelekei mahali pamoja.

Nusu ya njia: takwimu

Tumefunga jedwali la kwanza na kulitazama kwa herufi tu, bila kujua herufi ipi ni kundi gani upande wa mayai. Damu imetengana waziwazi. Walioongezewa protini wanashuka kidogo kisha wanatulia, wasioongezewa wanaendelea kuteremka. Mayai hayajatengana.

Kama ningesimama hapa ningeandika kwamba protini huleta uhimilivu na haileti ukataaji. Sisimami, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya kinyesi chenyewe. Mayai kwa gramu ni msongamano, si idadi. Mbuzi anayekula zaidi anatoa kinyesi kingi zaidi, na mayai yaleyale yakisambaa kwenye kinyesi kingi yanasomeka machache kwa gramu. Anayekula kidogo, kinyume chake. Kulinganisha makundi yenye ulaji tofauti kwa mayai kwa gramu pekee kunaweza kuonyesha ukataaji usiokuwepo au kuuficha uliopo. Kwa hiyo kuanzia wiki hii wanafungwa mifuko ya kukusanyia kinyesi kwa vipindi vya saa 24, tupate jumla ya mayai kwa siku.

Ya pili ni ya muda. Hawa ni mbuzi wachanga ambao hawakuwahi kukutana na Haemonchus. Mwili kwanza unajifunza, kisha ndipo unaitumia kinga yake, na protini inatazamiwa kuonyesha nguvu zaidi katika awamu hiyo ya pili. Tuko mwishoni mwa ya kwanza.

Jambo la tatu si sababu ya kungoja, ni namna ya kuchambua. Minyoo hawagawanyiki sawasawa. Katika kila kundi kuna wachache wanaobeba wengi, hata wakiwa wamepewa dozi sawa, chakula sawa, umri sawa. Wastani wa kawaida unavutwa na hao wachache. Tunatumia mgawanyo wa binomia hasi, kanuni ya takwimu inayofaa hesabu zilizorundikana kwa wachache, na nimeomba grafu zote zionyeshe kila mbuzi kama nukta, si nguzo ya wastani. Nukta zinaonyesha kitu ambacho nguzo ingekificha: katika kundi la protini ndogo wapo mbuzi ambao hawakutetereka kabisa. Urithi wao unanivutia kuliko wastani wote tulioupata hadi sasa. Sampuli zao za damu tumezigandisha.

Wiki ya 9

Jumla ya mayai kwa siku imeanza kutengana. Tofauti ni ndogo, na inaelekea upande uliotarajiwa. Wapimiwa nao wamezaa matunda: sehemu nzuri ya uzito uliopotea katika kundi la protini ndogo inaelezwa na hamu ya kula, lakini kushuka kwa damu hakuelezwi nayo hata kidogo, kwa sababu wapimiwa wanaokula kidogo vilevile wana kope nyekundu.

Nimewaandikia wenzangu wasilitangaze hili bado. Hesabu ya mayai inaweza kushuka kwa sababu minyoo wamepungua, au kwa sababu wapo wote lakini majike wamedumaa na wanataga kidogo. Ni njia mbili tofauti za kinga, na kinyesi hakiwezi kuzitenganisha.

Kinachofuata

Mwishoni mwa awamu hii sehemu ya mbuzi watachinjwa kwa utaratibu ulioidhinishwa. Tumbo la nne litafunguliwa, litaoshwa, na minyoo watahesabiwa wote, madume na majike. Majike watapimwa urefu, jike aliyekomaa akiwa kwa kawaida milimita 20 hadi 30, na mayai yaliyomo ndani yao yatahesabiwa. Utando wa tumbo utameng'enywa kwa pepsini, kimeng'enya cha protini, ili kuwatoa viluwiluwi waliolala ndani yake, wale ambao husimamisha ukuaji hadi hali iwafae. Wakiwa wengi zaidi kwa walioongezewa protini, itakuwa ishara kwamba kinga imewazuia bila kuwaua, na hapo tafsiri yangu ya wiki ya 9 itabidi iandikwe upya.

Awamu ya pili ni ya majike wenye mimba. Kuelekea kuzaa na katika wiki za kunyonyesha, kinga dhidi ya minyoo hulegea na mayai hupanda, wakati uleule ambapo watoto wanaanza kuonja majani. Kama protini ya ziada inaweza kuuzuia mpando huo, hapo ndipo kiasi kidogo cha mashudu kinaweza kulinda wanyama wengi kwa mara moja. Nataka kujua pia ni wiki ngapi kabla ya kuzaa ndizo zenye faida zaidi, kwa kuwa hakuna mfugaji atakayelisha protini ya ziada mwaka mzima. Tumekubaliana kuanza na majike wenye mimba ya mapacha pamoja na wenye mimba ya mtoto mmoja, wagawanywe sawa, kwa sababu mimba ya mapacha inadai protini zaidi na pengo tunalolitafuta linapaswa kuonekana hapo mapema.

Kwa sasa mifuko ya kinyesi inabadilishwa kila asubuhi saa moja, sampuli za kuotesha viluwiluwi zitasomwa Ijumaa, na mbuzi aliyeondolewa wiki ya 5 amesoma hematokriti ya asilimia 24.